Re: Laptop inaiona kompyuta ya mezani ila inakataa nywila

Mkuu, umesema laptop inaiona kompyuta ya mezani ila ukitaka kufungua folda zake inakataa nywila. Kama ping (jaribio la kuona kama mashine moja inaifikia nyingine) inajibu na jina la mashine linaonekana, ruta haina kosa. Nina shaka unaandika PIN (namba fupi ya kufungulia Windows) badala ya nywila. PIN ya Windows ni ya mashine hiyo hiyo tu, mtandaoni haikubaliki.

Kwenye kompyuta ya mezani fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika:

net user mgeni1 * /add

Hiyo inaunda akaunti mpya iitwayo mgeni1. Itakuomba nywila, weka. Kisha kwenye Properties za folda unayotaka kuifungua toka laptop mpe mgeni1 ruhusa mara mbili, Sharing na Security. Ukisahau moja utaambiwa Access denied, kwa sababu Windows hufuata ruhusa ile inayobana zaidi.

Kwenye laptop bonyeza Win+R, andika \\192.168.1.10 (weka IP, yaani anwani ya mtandao, ya kompyuta ya mezani), jina liwe MEZANI\mgeni1, yaani jina la kompyuta ya mezani kwanza (MEZANI ni mfano). Windows Firewall (ulinzi wa Windows dhidi ya miunganisho ya nje) usiizime, badili tu mtandao uwe Private.