Kufufua baiskeli ya ujanani kwa pesa kidogo: kwa anayeanza

Ukiitoa baiskeli yako ya zamani nyuma ya banda, cha kwanza kinachokujia akilini ni rangi. Hapa Moshi kila anayeniletea Phoenix au Raleigh ya enzi zake huanza kuuliza rangi. Jibu langu halibadiliki: rangi ni ya mwisho. Pesa ya kwanza iende kwenye vinavyozunguka, ya pili kwenye vinavyosimamisha. Ikiisha hapo, tayari una baiskeli.

Kabla hujanunua hata nati moja, kagua fremu. Vua magurudumu, ipindue, angalia pale chini kwenye krenki, ile mikono inayobeba pedeli, maana maji hukaa humo miaka yote na kutu hula kutokea ndani. Kisha chukua uzi wa fundi mwashi, ufunge kwenye sikio moja la nyuma panapokaa ekseli, upitishe mbele kuzunguka shingo ya usukani, urudishe mpaka sikio la pili na uukaze. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita mbili tatu isikunyime usingizi. Ikikaribia sentimita moja, ujue iliwahi kugongwa, na ni bora utafute fremu nyingine kuliko kumwaga pesa juu ya hiyo.

Kwenye kufumua, kinachowashinda wengi ni pini za krenki, zile zinazobana krenki kwenye ekseli yake. Usizipige hivihivi. Simamisha kipande cha bomba la chuma sakafuni, krenki ilale juu yake, pini ielekee kwenye tundu la bomba. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, usiitoe kabisa, ndipo ugonge kwa nguvu mara moja. Pigo linaishia sakafuni badala ya kwenda kuumiza gololi na vikombe vyake. Pini mpya ni za bei ndogo, ila nenda dukani na ile ya zamani mkononi kwa sababu unene unatofautiana. Wakati wa kufunga, ubapa wa pini moja uelekee kinyume cha mwenzake, la sivyo pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja. Na pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa. Nimeona krenki nzuri zikiharibiwa na mtu mwenye nguvu asiyejua hilo.

Vikombe vya gololi visafishe kwa mafuta ya taa na uvitazame juani. Vikiwa laini vinavyong'aa, badilisha gololi tu na utie grisi mpya. Gololi zinauzwa kwa bei nafuu, nunua zote mpya, usichanganye na kuukuu. Mwenye Raleigh ya zamani ya Nottingham awe makini zaidi: nyuzi za kukazia vikombe vyake ni 26 kwa inchi, wakati za baiskeli nyingine nyingi ni 24. Kikombe cha duka la kawaida hakitaingia, na ukikilazimisha utaua fremu. Kwa hiyo usitupe cha kwako kabla hujapata mbadala wake.

Friwili, ile gia ya meno kwenye gurudumu la nyuma, haitaki grisi. Isuuze kwa mafuta ya taa mpaka mafuta yatoke safi, kisha idondoshee oili nyepesi. Grisi hunatisha vile vibanio vidogo vinavyotoa mlio wa tiki-tiki, halafu siku moja unakanyaga na pedeli inazunguka bure.

Matairi yana mtego wake. Baiskeli ya mizigo yenye 28 kwa 1½ ina namba 635 pembeni mwa tairi, yaani kipenyo kwa milimita pale tairi linapokaa kwenye ringi, na hizo bado zipo madukani. Tatizo lipo kwenye 26. Raleigh ya 26 kwa 1⅜ ni 590, lakini 26 ya baiskeli nyingi za milimani za mtumba ni 559. Zote zinaitwa 26, na moja haiingii kwenye ringi ya nyingine. Soma namba ya milimita, usimsikilize muuzaji.

Kuhusu breki, vijana wengi hutaka kuondoa zile za fito, yaani za vyuma vyembamba badala ya waya, na kuweka za waya. Fikiri kwanza. Breki ya fito huvuta mpira kutoka upande wa ndani wa ringi, na ringi hiyo haina ubavu bapa wa kubanwa na breki ya waya. Ukitaka waya ni lazima ubadilishe na ringi, na hapo bajeti imekwisha. Mimi nasema baki na fito, nunua mipira mipya, nyoosha ringi kwa spana ya spoku. Wakati wa masika ringi ya chuma ikilowa hushika kwa shida, basi ukiteremka kutoka Kibosho anza kubana mapema.

Fedha ya kuipendezesha mimi ningeiweka kwenye friwili. Nyingi zilikuja na meno 48 mbele na 18 nyuma, na kila ukizungusha pedeli mara moja unakwenda karibu mita 6. Zilifaa tambarare, lakini kwetu huku kila safari ni kupanda. Weka friwili ya meno 22, uongeze mnyororo kama inchi moja. Sasa unakwenda karibu mita 5, na magoti yako ya leo yatakushukuru. Kwangu hilo lina thamani kuliko siti ya ngozi.

Kromu iliyoshika kutu usiikwangue kwa msasa. Kunja foili ile ya kufungia chakula, ichovye kwenye maji, sugua taratibu. Kutu huondoka na mng'ao unarudi. Rangi ya asili ikibaki hata nusu, iache, ipake nta. Ile michirizi ya dhahabu ilichorwa kwa mkono kwenye nyingi, na hakuna wa kuipuliza upya ikapendeza vile.

Safari ya kwanza iwe barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC, ni tambarare. Ukirudi, kaza tena nati za pini za krenki, maana hulegea baada ya kubeba uzito, na ukague spoku moja moja. Mlima wa kwenda Machame usubiri wiki ya pili.