Jibu: Majanga kwa watoto wa gredi ya kwanza, utaanzia wapi?

Mwalimu, umeuliza utawafundishaje watoto wadogo habari za moto na tsunami bila ya kuwatia hofu. Mimi niko Lamu, na huanza na wanachokijua: maji kupwa na kujaa. Mtoto wa hapa huijua bamvua (maji makuu ya bahari) kabla hajajua kuandika jina lake. Basi nawaambia, ukiona bahari imekauka ghafla na si wakati wake, huenda tsunami yaja, usishuke kuokota samaki. Kimbilia juu, mbali na ufuo, huku ukipiga kelele. Kisha nawahadithia Tilly Smith, msichana wa Uingereza wa miaka 10, aliyekuwa ufukweni Phuket, Thailand, siku ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Aliitambua hatari kwa somo la jiografia alilosomeshwa wiki mbili kabla, na watu wakaondoka ufukweni wakapona. Kisa hicho hawakichoki. Wimbi la siku hiyo lilifika mpaka pwani yetu.

Moto hauhitaji maneno mengi, unataka mazoezi. Vichochoro vyetu vyembamba, mapaa ya makuti yamekaribiana, na punda huenda amesimama katikati ya njia (msicheke, ishatutokea). Darasani tunatambaa kwa magoti, kwani moshi hupanda juu. Nje tunashikana mikono hadi kiwanjani, naita majina. Mara ya kwanza wawili walirudi kuchukua viatu! Hapo ndipo nilipokaza: harudi mtu, hata kwa mkoba. Rudia kila muhula, tena siku wasiyoitarajia.