Kabla hujahubiri "dunamis"

Pita bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi saa ya chakula cha mchana, au hudhuria ibada yoyote huku mitaa ya Eastlands, na hutakosa kulisikia: "Nguvu kwa Kigiriki ni dunamis, ndiyo dainamaiti!" Makofi yanafuata. Ni kweli mvumbuzi Alfred Nobel alilitoa jina la baruti yake kwenye Kigiriki, akaisajili mwaka 1867. Lakini Paulo aliliandika neno hilo zaidi ya miaka 1,800 kabla yake. Hakuna mlipuko aliokuwa akiuwazia.

Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia mtaani Umoja, na nawasihi viongozi wenzangu: maana ya neno itafuteni ndani ya Maandiko yenyewe. Namba yake ya Strong, yaani kwenye orodha ya maneno ya asili ya Biblia, ni 1411. Programu za bure kwenye simu zitakutolea kila mstari lilimo. Kisha fungua Union Version yako, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili. Mwanamke anagusa vazi la Yesu, "nguvu zimemtoka" (Marko 5:30). Talanta zinagawiwa kila mtu "kwa kadiri ya uwezo wake" (Mathayo 25:15). Katika Marko 6:5 dunamis ni "mwujiza", na katika 1 Wakorintho 14:11 ni "maana" ya sauti! Watafsiri wetu waliangalia kila mahali neno lilipokaa, ndipo wakachagua. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya watu. Kikundini kwetu yuko mama anayemuuguza mumewe, anamgeuza kitandani usiku na alfajiri anawahi sokoni. Baada ya mahubiri ya baruti aliniuliza kama imani yake ni pungufu, maana ameomba na hakuna kilicholipuka. Tulifungua 2 Wakorintho 12. Paulo amemsihi Bwana mara tatu "mwiba" wa mwilini, yaani mateso yake, umtoke, haukutoka, akajibiwa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Huo "uweza" ni dunamis ileile. Akaniomba nimsomee tena.

Kwa hiyo ukipangiwa kuhubiri Matendo 1:8, usiishie kwenye "mtapokea nguvu". Endelea mpaka "mtakuwa mashahidi wangu", halafu waulize washirika: wiki hii, kwa jirani yupi, kwa fundi yupi, kwa konda yupi? Wape muda wajibu kwa majina.