Opera ya Kijapani kwa Pesa ya Madafu

"Dada, nipo Nagoya, nataka kutengeneza opera ya Kijapani lakini mfukoni sina kitu. Nianzie wapi?"

Ujumbe huu umenikuta bado nina furaha. Jumamosi opera yetu, Kasa Jizō, ilijaza ukumbi wa mtaa hapa Osaka, wenye viti vya kukunja na jiko nyuma, hadi waliochelewa wakasimama ukutani.

Mdogo wangu, chukua hadithi ambayo bibi wa mtaani anaijua kabla hujafungua mdomo. Kasa Jizō ni ya mzee fukara anayepeleka kofia za majani sokoni mkesha wa Mwaka Mpya, asiuze hata moja. Akirudi anakuta sanamu za mawe za Jizō, mlinzi wa wasafiri na watoto katika Ubuddha wa Japani, zimefunikwa na theluji, anazivisha kofia zake. Sanamu ya mwisho ikikosa, anavua kitambaa chake mwenyewe kichwani na kuifunga. Usiku sanamu zinamletea mchele na mochi, yaani keki za mchele. Sasa piga hesabu: wanakwaya sita wamesimama kama mawe, kitambaa chekundu shingoni, basi. Mavazi ya hariri ya nini?

Orkesta niliachana nayo. Piano moja, na ngoma. Kwenye kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, kuanguka kwa theluji huashiriwa kwa ngoma kubwa inayopigwa polepole, kwa fimbo iliyofungwa kitambaa laini kichwani: dum, dum, dum. Theluji yenyewe ni karatasi zilizokatwakatwa, zimejazwa kwenye kikapu kilichoning'inizwa juu. Ukikitikisa kwa kamba, zinadondoka. Watoto wote waliinua macho kwa pamoja.

Muziki ufuate usemi. Sauti ya Kijapani hupanda na kushuka ndani ya neno, na ukiipindisha, msikilizaji anabaki anakisia. Mtunzi Yamada Kōsaku alilishughulikia hili zamani sana.

Ila usiguse Yūzuru, opera ya mtunzi Dan Ikuma, ukidhani ni ya wote kwa kuwa ngano ya korongo iliyo ndani yake ni ya kale. Aliitoa 1952 kutokana na tamthilia ya Kinoshita Junji, akafariki 2001, na hakimiliki Japani hudumu miaka 70 baada ya kifo. Ngano ni bure, muziki wa mtu si bure.

Yupo mkubwa mmoja wa tamasha, simtaji, aliyeniambia opera ni Kiitaliano, na mtu wa Tanga kuwafundisha Wajapani kuimba Kijapani ni kichekesho. Bado inaniuma. Jumamosi alituma maua! Wala Konnyakuza, kikundi cha opera cha Kijapani, hawajawahi kumsubiri yeye: tangu 1971 wanaimba kwa Kijapani, mara nyingi kwa piano tu, wanazunguka hadi mashuleni. Nyie mnaolilia wafadhili mnalilia nini? Chukueni hadithi, chukueni piano, mfanye kazi! Hadithi, piano, kazi!

Na kiingilio weka, hata kidogo. Kisha nitumie maneno ya nyimbo zako kabla hujaandika noti. Nitampa mpiga ngoma wetu ayasome kwa sauti, na atakapokwama nitakuwekea alama.