Maswali ya Mafundi: niweke digrii ngapi mabomba yasigande?

SWALI: Habari fundi. Niko kampuni flani hapa Westlands, kazi yetu ni kusimamia mifumo ya joto ya majengo ya Uingereza kwa kompyuta, na sasa nimepewa shule moja ya Leeds ambayo inafungwa Krismasi wiki mbili mzima. Kwa skrini kuna sehemu ya kuzuia mabomba kuganda na iko na namba tatu: hewa ya nje, maji yanayorudi kwa boila (mtambo unaopasha maji joto yazunguke kwa mabomba ya jengo), na joto la ndani. Mwenzangu mmoja anasema tuweke zote 10 tulale salama, mwingine anasema 0 inatosha juu maji huganda 0. Mimi baridi ninayoijua ni ya Julai tu, nani ako sawa? – Kijana wa Donholm

JIBU: Wote wamekosea ndugu yangu, lakini huyo wa 0 ndiye atakuletea balaa. Maji yakiganda hufura kama asilimia 9 na bomba halina pa kuyaweka, linapasuka, halafu barafu ikiyeyuka ndio darasa linafurika na hakuna mtu wa kufunga maji. Na sensa, kile kifaa cha kupima joto, inaweza kukosea digrii moja hivi, kwa hivyo ukingoja isome 0 kuna kona mahali imeshaganda.

Namba ni tatu kwa sababu zinalinda vitu tofauti. Ya hewa ya nje weka 2 au 3. Baridi ikifika hapo kontrola (kompyuta ndogo inayoendesha mfumo) haiwashi moto bado, inawasha pampu tu, maji yanazunguka, yale yaliyo katikati ya jengo bado yana joto kidogo yanaenda kuokoa yale ya kona za baridi, na mara nyingi hiyo peke yake inatosha, gesi haijaguswa. Ukiweka 10 hapo, usiku wa Leeds kupita 10 wakati wa baridi ni bahati nasibu, pampu zitanguruma karibu kila usiku na hedimasta atakuuliza bili ya stima ni ya nini.

Ya maji yanayorudi, 5 mpaka 7. Hapo sasa pampu zimeshindwa, boila inawaka, na usiiache izime maji yakifika 8 maana itakuwa inawaka na kuzima kama taa ya disko, acha yapande hata 20 na kitu. Hiyo 10 ya mwenzako mahali pake ni joto la ndani, 10 au 12, na hapo huwa tunafikiria zaidi unyevu kwa kuta na kuvu kwa vitabu.

Kitu wengi husahau ni valvu. Mfumo ukiwa umezimwa, valvu za kwenda madarasani huwa zimefungwa, sasa pampu ikiwaka maji yanazungukia hapo hapo chumba cha boila, wewe huku Westlands unaona maji yanarudi na digrii 15 unafurahi, kumbe bomba la darasa la mwisho liko karibu kupasuka. Hakikisha programu inazifungua pamoja na pampu.

Halafu jaribu mapema, usingoje baridi. Weka ratiba iwe likizo, pandisha namba ya hewa ya nje ipite joto la siku hiyo, uone kama pampu zinaamka. Zikilala, ujue ratiba ya likizo imezima ulinzi wote, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Ukimaliza rudisha namba, tafadhali. Omba pia picha ya sensa ya nje: iwe ukuta wa kaskazini, jua lisiifikie, na isiwe juu ya dirisha linalotoa joto. Na kertaka aambiwe waziwazi asizime swichi kubwa ati anaokoa stima, bila stima setingi zako zote ni mapambo.

SWALI: Mimi niko Kinangop na solar ya maji kwa paa, haya mambo yananihusu? – Mama Shiku

JIBU: Ndio mama. Usiku usio na mawingu paneli hutoa joto kwenda angani na inaweza kuwa baridi kuliko hewa yenyewe, kwa hivyo maji yaliyo ndani yanaweza kuganda hata kama kipimajoto cha nje kinasoma 2. Uliza aliyekuuzia kama maji ya kuoga ndiyo yanapita ndani ya paneli. Kama ndiyo, badilisha uchukue aina inayozungusha maji yenye dawa ya kuzuia kuganda.