Maswali na Majibu: Nina ugonjwa wa wasiwasi, je, nishiriki matembezi ya hisani pamoja na mwanangu?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 8 na mwingine 4. Niliambiwa hospitalini kwamba nina ugonjwa wa wasiwasi, na nimewahi kupatwa na mashambulio ya hofu, mengine nikiwa katikati ya watu wengi. Ninahudhuria ushauri nasaha, na nimeandikiwa propranololi ninywe pale hali inapozidi. Sasa kazini kwetu wameandaa matembezi ya hisani ya kilomita 5 kuchangia huduma za afya ya akili, na mwanangu mkubwa ananisihi twende wote. Natamani kwenda kwa sababu jambo lenyewe linanihusu. Lakini moyo ukianza kwenda mbio njiani, nitajuaje kama ni mwendo tu au ni shambulio? Je, ninywe dawa kabla ya kuondoka nyumbani? Na nikishikwa na hofu mbele ya mtoto, sitamwambukiza woga wangu?

JIBU

Marahaba, mama. Maoni yangu ni kwamba uende, na uende na huyo mwanao mkubwa, mradi maandalizi yaanze wiki kadhaa kabla na mradi uyachukulie matembezi hayo kuwa zoezi la kukaa na hofu. Ninasisitiza hilo kwa sababu wagonjwa wengi hujiwekea lengo la kumaliza njia nzima bila kuhisi wasiwasi hata kidogo, na lengo la namna hiyo huwashinda kabla hawajafunga viatu. Lengo linalosaidia katika tiba ni kuendelea kutembea hata kama wasiwasi upo.

Swali lako la moyo ndilo zito kuliko yote, hivyo nitakaa nalo kidogo. Mtu anapopanda mlima na mtu anapoogopa, miili yao hufanya mambo yanayofanana sana: adrenalini, yaani homoni inayouandaa mwili kwa dharura, huongezeka, moyo hudunda kwa kasi, pumzi hufupika, jasho hutoka. Tofauti huonekana katika mwenendo wa dalili hizo. Mapigo yanayoletwa na mwendo hupanda taratibu kadiri unavyoongeza kasi, na huanza kushuka ndani ya dakika chache ukipunguza. Shambulio la hofu huja ghafla, hufikia kilele chake ndani ya dakika chache, mara nyingi zisizozidi 10, na huja na mawazo ya kutisha kwamba unakufa, unazimia au unarukwa na akili. Vidole na midomo huweza kuhisi ganzi, na mazingira yakaonekana kana kwamba si ya kweli.

Ukishaijua tofauti hiyo, nakuomba usijipe kazi ya kuipambanua njiani. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza kwamba shambulio hukua pale mtu anapozitafsiri dalili za kawaida za mwili kuwa ishara ya maafa yaliyo karibu: moyo unadunda, akili inasema ni ugonjwa wa moyo, hofu inapanda, na moyo unazidi kudunda. Kila mara unapoweka vidole shingoni kuhesabu mapigo, au unapotazama saa inayopima moyo, unauchochea mzunguko huo. Kama unayo saa ya aina hiyo, siku ya matembezi iache nyumbani. Kipimo cha mwendo kinachotosha ni mazungumzo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini ukashindwa kuimba, uko katika mwendo wa wastani, na ndio unaofaa. Mtoto wa miaka 8 hatakunyima nafasi ya kuzungumza.

Maandalizi yenyewe yaanzie kwenye mwili. Chagua wakati ambapo huna haraka, panda ngazi au tembea kwa kasi kwa dakika moja au mbili hadi moyo udunde kwelikweli, kisha simama na uuache ushuke wenyewe, bila kukimbilia maji, bila kukaa na bila kupima chochote. Rudia siku nyingi kadiri unavyoweza. Kinachotafutwa ni ubongo ujifunze kwa uzoefu kwamba moyo unaodunda hutulia bila kuokolewa. Angalizo moja hapa halina mjadala: kama huwa unapata maumivu ya kifua unapojitahidi ambayo hupoa ukipumzika, kama umewahi kuzimia wakati wa mazoezi, au kama pumzi hairudi hata baada ya kupumzika, mwone daktari akupime moyo na mapafu kwanza, na usiyahesabu hayo kuwa ni wasiwasi.

Baada ya mwili, uzoee watu. Mwaka 1958 daktari wa magonjwa ya akili kutoka Afrika Kusini, Joseph Wolpe, alichapisha utaratibu wa kukabili hofu hatua kwa hatua, na kutokana na kazi yake tunatumia hadi leo kipimo cha hofu cha 0 hadi 100, ambapo 0 ni utulivu kamili na 100 ni hofu kali kuliko zote unazoweza kufikiria. Andika hali chache zinazofanana na siku hiyo na uzipe alama mwenyewe. Kutembea kilomita 2 na mwanao asubuhi tulivu huenda kukawa 25. Kutembea njia hiyo hiyo saa ambayo imejaa watu, 45. Kusimama robo saa katikati ya kundi linalosubiri jambo lianze, 70. Anza na ya chini, irudie hadi alama yake ishuke, ndipo upande. Kabla ya kila zoezi andika unachotabiri, kwa mfano "nitaanguka na watu watanizunguka", na ukirudi uandike kilichotokea. Karatasi hiyo ina faida kubwa kuliko wagonjwa wanavyodhani, maana akili yenye wasiwasi husahau upesi utabiri uliokosea.

Ukiuliza ni saa ngapi ya siku hiyo itakuwa ngumu zaidi, jibu langu ni pale mwanzoni kabla ya kuondoka. Watu wamesongamana, vipaza sauti vinapiga kelele, hakuna anayetembea, na mwili ulioamka hauna kazi ya kufanya. Simama pembeni au nyuma ya kundi, na msiwahi kupita kiasi. Watu wakishaanza kutembea, kundi huachana na nafasi huongezeka, na kwa wengi hofu hushuka pia.

Kuhusu propranololi, dawa hii huzuia sehemu ya kazi ya adrenalini, hivyo moyo hupiga polepole na mtetemeko wa mikono hupungua. Mawazo ya wasiwasi yenyewe haiyaondoi moja kwa moja. Kwa anayetembea ina maana mbili: unaweza kuchoka mapema kuliko kawaida, na unaweza kuhisi kizunguzungu ukiinuka ghafla. Kwa hiyo siku ya matembezi isiwe siku ya kwanza ya kuijaribu. Mwenye pumu hapaswi kuitumia, na kama unayo na aliyekuandikia hakukuuliza, mweleze kabla ya kumeza kidonge kingine. Wapo pia wasomaji wanaoinywa kila siku kwa sababu ya moyo au shinikizo la damu. Hao wasiiache ghafla kwa ajili ya matembezi wala kwa sababu nyingine yoyote.

Kama uinywe asubuhi hiyo ni uamuzi wako pamoja na daktari wako, lakini nitakueleza ninavyolipima jambo hili. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Paul Salkovskis, aliandika mwaka 1991 kuhusu tabia za kujikinga, yaani mambo madogo ambayo mwenye hofu hufanya ili maafa anayoyaogopa yasitokee, na ambayo humnyima nafasi ya kugundua kwamba maafa hayo yasingetokea hata kidogo. Ukimeza kidonge na siku ikaenda vizuri, akili yako huenda ikakipa kidonge sifa zote. Ikiwa mazoezi ya wiki za nyuma yameenda vyema bila dawa, ningependelea uende bila kuinywa. Ikiwa bado yanakulemea na daktari wako anakubali, kunywa uende, kwa sababu kwenda na dawa kunakufundisha zaidi kuliko kubaki nyumbani.

Sasa mtoto. Ni kweli kwamba watoto hujifunza woga kwa kutazama nyuso za wazazi. Watafiti Friederike Gerull na Ronald Rapee walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili walikiepuka zaidi kidoli cha nyoka au buibui baada ya kumwona mama akikitazama kwa uso wa hofu. Lakini upande wa pili wa ushahidi unatia moyo zaidi. Mwaka 2015 Golda Ginsburg na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa familia 136 ambazo mzazi mmoja alikuwa na ugonjwa wa wasiwasi na watoto, wa miaka 6 hadi 13, hawakuwa nao. Katika familia zilizofundishwa kuuelewa wasiwasi na kuukabili kwa pamoja, takriban asilimia 5 ya watoto waliupata ugonjwa ndani ya mwaka mmoja; katika zile zilizopewa kijitabu cha maelezo na kufuatiliwa tu, walikuwa takriban asilimia 31. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa na ugonjwa, na tofauti ililetwa na yale ambayo familia ilijifunza kufanya nao.

Kwa hiyo mwambie mapema, nyumbani, kwa maneno machache. Unaweza kusema hivi: "Mama huwa anapata hofu kali ya ghafla. Moyo wangu unakwenda mbio na mikono inatetemeka, halafu inapita. Haitaniua, na wewe hujakosea chochote. Ikinijia njiani tutapunguza mwendo, nitavuta pumzi polepole, kisha tutaendelea." Akiuliza swali, mjibu lile aliloliuliza na uishie hapo. Usimpe kazi ya kukulinda: asibebe dawa zako, asiulizwe kila mara kama anaona uko sawa, asiambiwe amwite mtu mama akizidiwa. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, hivyo tafuta ndugu au rafiki wa kutembea nanyi, na mkubaliane kwamba jukumu lake ni kumshika mtoto mkono iwapo utahitaji dakika chache, bila kukukagua njia nzima. Yule wa miaka 4 ningemwacha nyumbani. Kilomita 5 ni ndefu kwa miguu yake, na kumbeba kutakuchosha bure.

Hofu ikija, punguza mwendo na usogee pembeni ya njia, ila usikimbie eneo hilo wakati iko kileleni. Anayeondoka kileleni hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, hadi ufikie pumzi kama 6 kwa dakika. Kuhema kwa haraka hushusha kaboni dioksaidi katika damu, na huko ndiko kunakoleta ganzi na kizunguzungu vinavyokutisha. Usipumulie ndani ya mfuko, kwa kuwa njia hiyo ina hatari zake. Subiri hofu ishuke hadi nusu ya ilivyokuwa, ndipo uamue kuendelea au kurudi. Kurudi ukiwa umetulia kunaruhusiwa, na mtoto aambiwe tangu nyumbani kwamba huenda mkatembea nusu ya njia.

Lipo sharti moja la kuahirisha. Kama katika wiki 2 za mwisho unapata mashambulio karibu kila siku, hulali, au mawazo ya kujidhuru yamekujia, nenda kwa daktari wako kwanza, na kwa mawazo hayo ya mwisho nenda leo hii.

Limebaki suala la usiri, ambalo hukuliuliza ila litajitokeza, hasa kwa kuwa waandaaji ni wenzako wa kazini. Kushiriki hakukulazimishi kusimulia ugonjwa wako kwa wachangiaji wala kwa mwajiri. Kama fomu ya usajili ina sehemu ya afya, waandikie watu wa huduma ya kwanza jina la dawa unayotumia na mzio ulio nao, na uliza fomu hizo zinasomwa na nani. Uliza pia kuhusu picha, kwa sababu mwanao akionekana mahali fulani chini ya maneno "familia zinazoishi na ugonjwa wa akili", atakuwa ametangazwa kabla hajawa na umri wa kuamua. Na kabla hujakusanya ahadi za michango, hakikisha kwamba fedha zitatolewa hata usipofika mwisho. Kama waandaaji wanahesabu kwa kilomita, waombe wachangiaji wako waahidi kiasi kimoja tu, ili katikati ya njia usijikute ukilazimisha hatua kwa sababu ya fedha za watu.