Kwangua kwanza, matone baadaye

Wewe unayeanza kazi kliniki ya macho wilayani, zoea kuuliza jicho liliumizwa na nini. Mgonjwa akisema alichapwa na jani la muhindi, au alikuwa anapepeta kapi likamwingia, anza kushuku kidonda cha fangasi kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Fangasi aina ya Fusarium na Aspergillus wako tele kwenye udongo na mimea. Konea ikichubuka wamepata mlango.

Kisha uliza ameshatia nini, tena kwa upole, maana akihofia kugombezwa atakuficha. Wengine wametiwa maji ya majani, wengine wameuziwa matone yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi. Matone hayo ndiyo yanayonitia hofu zaidi: wekundu unatulia, mgonjwa anafurahi, huku fangasi inazidi kuchimba.

Ukimulika, tazama kingo. Mara nyingi zimechanika kama manyoya, uso wa kidonda ni mkavu na umeinuka kidogo, na kando kuna vidoa vilivyojitenga. Hata hivyo usitoe hukumu kwa kutazama tu. Mabingwa nao hukosea kati ya fangasi na bakteria.

Kwa hiyo kwangua. Tia matone ya ganzi, kisha kwa sindano safi namba 21 chukua sampuli kwenye kingo na kwenye sakafu ya kidonda. Ondoa kwanza ute wa juu, huo hautakuambia kitu. Paka slaidi mbili: moja ya Gram, rangi ya kuonyesha bakteria, nyingine uiwekee tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 ili fangasi waonekane. Ukiona nyuzi zenye matawi chini ya hadubini, anza tiba. Usingoje majibu ya kuotesha vimelea maabara. Konea iliyokonda inayokaribia kutoboka usiiguse, mpe rufaa siku hiyohiyo.

Dawa ya kwanza ni natamaisini, matone ya kuua fangasi, ya asilimia 5, kila saa, usiku na mchana kwa siku za mwanzo, halafu inapunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2017, ingawa kuipata bado ni shida. Ikikosekana kabisa, wapo wanaotumia klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.2, lakini jaribio la Nepal lililochapishwa 2022 lilionyesha natamaisini inaponya vizuri zaidi.

Mweleze na anayemuuguza, kwani kuamka kila saa kunahitaji msaidizi. Masalia meupe ya dawa juu ya kidonda usiyadhani ugonjwa. Kila ziara pima kidonda kwa milimita, uandike kwenye faili.